Kicheko Kinachobaki Dukani

Kilichomuuma Sindano si kwamba mumewe alikuwa amenuna. Wanaume wananuna, hilo analijua kila mwanamke aliyewahi kupika chakula kikaliwa kimyakimya. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alinuna nyumbani tu. Huko kazini kwake, kwenye duka lake la kunyolea, alikuwa ndiye mchekeshaji wa mtaa mzima, na watu walitoka pale wamekatwa nywele na mbavu zinawauma.

Sindano alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na jina hilo hakulipata kwa kazi yake peke yake. Ulimi wake ulichoma. Alishonea sebuleni, cherehani kaielekeza dirishani, na kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa walimu na akina mama, habari za mtaa zilimfuata palepale alipokaa. Ndipo siku moja mwalimu mmoja, amesimama mikono juu akipimwa kifua, akaanza kucheka peke yake.

"Mume wako bwana!" mwalimu akasema. "Jana nusura nikatwe sikio kwa kucheka. Anamwiga mwalimu mkuu wetu anavyotembea, mpaka kikohozi chake! Nyinyi hapa nyumbani mnalala kweli, au ni vicheko mpaka asubuhi?"

Sindano akatabasamu, pini zimejaa mdomoni. "Ndiyo hivyo," akasema kwa pembe ya mdomo, na utepe wa kupimia akaukaza mpaka mwalimu akaguna.

Vicheko mpaka asubuhi! Kinyozi, maana hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita na hata mkewe alipokasirika alimwita hivyohivyo, hakuwa amecheka ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu. Akirudi, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha pembeni, anaukodolea macho ukuta. Chakula anakigusagusa, anasema ameshiba. Ukimuuliza, amechoka. Ukimuuliza tena, mgongo unamuuma. Leo mgongo, kesho kichwa, keshokutwa tumbo. Kitandani anageukia ukutani kabla taa haijazimwa, na kabla ya alfajiri yuko macho, amekaa ukingoni mwa kitanda na miguu imegusa sakafu. Binti zao wawili walishajifunza kupita karibu yake kwa vidole vya miguu, kama watu wanaompita mgonjwa, ijapokuwa hakuna aliyewaambia kuna mgonjwa.

Sindano hakufikiria ugonjwa hata kidogo. Alifikiria mwanamke. Na nani angemlaumu? Mwanamume ana maneno, ana vichekesho, ana sauti, na vyote anavimaliza nje. Kwake yeye mke analetewa maganda. Akaanza kunusa mashati. Mtu aliyeshika nguo maisha yake yote hahitaji miwani: kola, kwapa, mfuko wa kifuani. Alinusa poda, akanusa spiriti ya kusafishia mashine, na juu ya hayo akanusa mafuta ya nywele. Si mafuta ya wanaume. Yale mazito, matamu, ya kupaka kwenye utosi baada ya kusukwa.

Mafuta hayo aliyajua yalikotoka. Duka la Kinyozi liligawanywa kwa pazia. Upande wa mbele walikaa wanaume na mashine za kunyolea, upande wa nyuma alikodi Msusi, mwanamke mtaratibu, mjane, mwenye mikono myepesi. Pazia lenyewe alilishona Sindano kwa mkono wake, bure, kama zawadi. Alipokumbuka hilo, damu ilimchemka mpaka akajichoma kidole.

Basi likaitishwa baraza. Halikuitwa baraza, liliitwa "tumekuja kusalimia," lakini walikuwa wamekaa kwenye kochi mama mkwe, shangazi yake Sindano, na shemeji, mdogo wake Kinyozi. Mwenyewe Kinyozi alikuwa kazini, bila shaka anawavunja watu mbavu.

"Huyo ana mtu," shangazi akasema, bila hata kungoja chai ipoe. "Mimi nimeolewa mara mbili, sihitaji kuambiwa. Akinyamaza kwako, jua kuna anayemsemesha."

Mama mkwe akavuta mtandio. "Mwanangu hana tabia hiyo. Lakini na wewe, mkwe wangu, huo mdomo wako. Mwanamume akirudi anataka kupumzika, sio kuhojiwa."

"Simhoji, mama. Nikimsalimia tu anashtuka."

"Tatizo hamumwachii nafasi," shemeji akadakia. Alikuwa kijana wa maneno mengi na kazi chache. "Kaka anataka kuchangamshwa. Nitamchukua Jumamosi tukakae na wenzetu, tuangalie mpira, atakaa sawa. Mwanaume hawezi kuwa na huzuni bila sababu. Nani amekufa? Hakuna. Basi."

"Na nguvu?" shangazi akauliza kwa sauti ya chini, akimtazama Sindano kwa jicho la kuchungulia. "Nguvu zake zipo?"

Sindano akashusha macho. Shangazi akagonga goti lake kwa ushindi, maana kwake hilo lilikuwa jibu tosha: zinatumika kwingine. Shemeji akakohoa, akaona ni vyema abadilishe mazungumzo. "Halafu siku hizi hata wembe hashiki," akasema. "Nilikwenda anichonge ndevu, akaniambia mashine tu. Kaka yangu, aliyefundishwa wembe na marehemu baba! Wateja wa ndevu anawaelekeza kwa jirani. Nikamwambia, unafukuza riziki wewe. Akacheka tu."

Hakuna aliyelishika hilo. Liliangukia pale kwenye meza, katikati ya vikombe, likaachwa. Walichokishika wote ni cha shangazi, na shangazi alipoondoka alimwachia Sindano agizo moja mlangoni: nenda ukaone kwa macho yako.

Akaenda. Alijifanya anataka kupima pazia upya kwa sababu limefifia. Alipofika, duka lilikuwa limejaa, watu wamebanana kwenye benchi, na Kinyozi, huyuhuyu wa ukutani, alikuwa amesimama katikati na mashine mkononi akisimulia habari ya mteja aliyesinzia akaamka hana nyusi. Alikuwa anabadilisha sauti, ya mteja, ya mke wa mteja, ya mama mkwe wa mteja. Watu walikuwa wanafuta machozi. Sindano akasimama mlangoni na utepe wake wa kupimia, akajisikia kama mtu aliyekuja kwenye sherehe ya nyumbani kwake mwenyewe bila kualikwa. Alimwonea wivu kila aliyekaa kwenye benchi lile. Alimwonea wivu hata mzee mmoja kibogoyo aliyekuwa anapigwa begani na mume wake.

"Aa, mama watoto," Kinyozi akasema alipomwona, na sauti ikashuka papo hapo. Kila mtu akaisikia ikishuka.

Sindano akapita nyuma ya pazia. Msusi akampisha kwa adabu, "Karibu dada," akaendelea kumsuka binti mmoja aliyekaa chini kati ya magoti yake. Sindano akapima pazia polepole, juu, chini, juu tena. Na hapo ndipo alipoona. Mzee kibogoyo aliomba ndevu zake zikwanguliwe kwa wembe kama zamani, akang'ang'ania, akasema mashine inamwachia miiba. Kinyozi akafungua pazia kidogo, akamwangalia Msusi. Msusi akagusa shingoni mwake, ambapo kulikuwa na ufunguo mdogo umetungwa kwenye uzi. Akamtazama Kinyozi, akatikisa kichwa: hapana. Na Kinyozi, mwanamume ambaye nyumbani ukimwambia funga dirisha anasema litafungwa kesho, akainamisha kichwa kama mtoto mtiifu, akarudi kumwambia mzee kwamba haiwezekani.

Sindano alirudi nyumbani bila kukumbuka kipimo hata kimoja cha pazia. Ufunguo! Shangazi alikuwa amemwandaa kwa mengi, busu, mkono kiunoni, lakini hakumwandaa kwa ufunguo. Mkono kiunoni mtu anaweza kusema shetani alimpitia. Ufunguo ni makubaliano. Ufunguo ni nyumba. Alikaa kwenye cherehani akashona kola upande usio wake, akafumua, akashona tena upande usio wake. Yeye akimkataza kitu mumewe hamsikii, na yule mwingine anamkataza kwa kutikisa kichwa tu, bila hata kufungua mdomo. Hakulia. Alichukua mkasi wa kukatia vitambaa, ule mkubwa, akautia kwenye mkoba.

Alichagua wakati ambao Kinyozi huenda kununua mafuta na poda kwa muuzaji wa jumla. Upande wa mbele ulikuwa na mteja mmoja tu anayesinzia. Akapitiliza hadi nyuma ya pazia. Msusi alikuwa anamsuka mama mmoja mnene, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama.

"Hiyo droo inafunguliwa na huo ufunguo wako?" Sindano akauliza, bila salamu. Chini ya kioo kulikuwa na droo moja yenye kufuli.

Msusi akaziacha nywele. "Ndiyo, dada."

"Kuna nini ndani?"

"Muulize mwenyewe. Naomba umuulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Unavaa kitu cha mume wangu shingoni, nani mwingine nimuulize?"

Mama mnene akageuza shingo kwa hamu kubwa, kama mtu aliyeletewa burudani asiyoilipia. Msusi akamtazama, akamtazama Sindano, midomo ikacheza bila sauti. Ilikuwa wazi ana neno, na wazi vilevile kwamba hawezi kulisema mbele ya yule mwenye masikio. "Twende nje tuzungumze," akasema kwa upole.

Upole huo ndio uliomaliza kila kitu. Mwenye kosa angepaza sauti. Sindano akatoa mkasi, akaingiza ncha kwenye upenyo wa droo, akabinua kwa nguvu zote za mwanamke anayekata vitambaa vya tabaka nyingi kila siku. Kufuli likang'oka na kipande cha mbao.

Alitegemea mkufu. Alitegemea picha, pengine manukato. Alichokikuta ni nyembe: pakiti kwa pakiti, hazijafunguliwa. Chini yake wembe wa kukunja wa marehemu baba mkwe, wenye mpini wa pembe, ambao Kinyozi hakuwahi kumruhusu mkewe hata kuufuta vumbi. Na chupa ya vidonge vya mgongo, imejaa. Akavitazama. Kwa mtu mwingine vingekuwa swali. Kwake vilikuwa tusi. Wembe wa baba yake! Mimi nisiuguse, huyu auvalie ufunguo!

Akaanza kuvitia kwenye mkoba.

"Dada, hapana," Msusi akasema, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. "Usivipeleke nyumbani. Chukua vyote, vitupe chooni ukitaka, lakini usivipeleke nyumbani. Nakusihi."

"Usinifundishe cha kupeleka nyumbani kwangu."

Akatoka akitembea kwa mwendo wa mshindi, na nyuma yake akasikia mama mnene akisema, "Enhe, sasa na kichwa changu?"

Kinyozi alirudi kula mchana. Binti zao walikuwa shuleni. Sindano alikuwa ameitandika meza vizuri, kitambaa cheupe, na mahali pa sahani akapanga vile vitu kwa mstari: pakiti za nyembe, wembe wa kukunja, chupa ya vidonge. Alikuwa ameketi upande wa pili, mikono kifuani, maneno yake yote tayari ameyanoa.

"Nimekurudishia vyako," akasema. "Sasa ule."

Alimtazamia akane. Alimtazamia agombe, aseme umeingiliaje duka langu. Kinyozi alivitazama vile vitu, na uso wake ukabaki mtupu. Akarudi nyuma hatua, akarudi tena, mpaka mgongo ukagota ukuta. Mikono yake akaiweka nyuma, kati yake na ukuta, akaibana hapo.

"Vitoe," akasema.

"Nivipeleke wapi? Si vyako?"

"Vitoe humu ndani."

"Kwa yule vinakaa vizuri, kwangu ndio vinakuchoma? Kwa yule unatii kwa kutikiswa kichwa! Mimi nimekuzalia, nimekushonea mpaka hilo pazia mnalojifichia, na wembe wa baba yako unampa..."

"Mama watoto," Kinyozi akasema. "Nakuomba."

Mumewe hakuwa na neno hilo. Alikuwa na "lete," alikuwa na "tafadhali" ya wageni, lakini "nakuomba" hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Macho ya Kinyozi hayakuwa kwake. Yalikuwa mezani, yamenasa hapo. Alikuwa anateleza taratibu kwenye ukuta, akakaa sakafuni na mikono yake ingali nyuma.

Mlango ulisukumwa. Msusi aliingia akihema, kitana kimebaki mkononi, hata viatu hakuvua. Hakumsalimu mtu. Akakamata pembe nne za kitambaa cha meza, akakikunja pamoja na kila kilichokuwa juu yake, akafunga fundo, akatoka nacho nje, akakiacha kwa jirani, akarudi mikono mitupu. Ndipo akakaa sakafuni mbele ya Kinyozi, mbali kidogo, kama mtu anayekaa karibu na moto.

"Mwambie," akamwambia. "Mimi nilikuahidi sitasema. Mwambie wewe."

Kinyozi akaitoa mikono yake nyuma, akaitazama. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Siiamini mikono yangu," Kinyozi akasema. "Sio kwa wateja. Kwa mimi mwenyewe. Kuna asubuhi nilisimama mbele ya kioo dukani, nikaona ni rahisi sana. Huyu akaingia. Nikampa kila kitu. Nikamwambia nikikuomba, usinipe."

Sindano alifungua mdomo, na ulimi uliompa jina ukakosa cha kuchoma.

"Nilikuwa na kaka," Msusi akasema, akimtazama yeye sasa. "Alikuwa mcheshi kuliko wote kwetu. Kwenye mazishi yake watu walikaa wakisimulia vichekesho vyake, wanacheka, halafu wanakumbuka wamekuja kwa nini. Miezi yote ile alikuwa analalamika tumbo. Tulimpa dawa ya minyoo, dada. Huzuni ile ni ugonjwa, ina jina, wanaiita sonona. Mimi nililijua jina lake nikiwa nimeshachelewa. Mume wako alipoanza kuchekesha kwa namna ile, bila kupumzika, niliogopa."

Sasa wewe unayesikiliza utasema wivu ungekufa pale pale. Mwanamke hakuna, hawara hakuna, basi yamekwisha. Haukufa. Ulihama tu chumba. Zamani ulikuwa unauma kwamba mumewe amempa mwingine mwili. Sasa uliuma kwamba amempa mwingine kifo chake amshikie, na kitu hicho ni cha ndani kuliko mwili. Sindano alimwonea wivu Msusi kwa kujua. Alimwonea wivu mpaka yule kaka aliyezikwa, kwamba maiti ile ilimfundisha mwanamke huyu kumsoma mume wa mtu, na yeye mke, aliyenusa kila shati, hakusoma kitu. Ni wivu wa kuaibisha, na alijua unaaibisha, na haukumwachia vilevile.

"Kwa nini yeye?" akauliza, kwa sauti asiyoijua. "Kwa nini sio mimi?"

Kinyozi alifumba macho. "Wewe ningekuambia, ungelia. Ukilia, mimi inabidi niwe mwanamume, nikubembeleze, niseme si kitu. Sina hiyo nguvu."

"Na za kuchekesha benchi zima unazitoa wapi?"

"Ndizo hizo," akasema. "Zikiisha ndipo narudi nyumbani."

Sindano akakaa sakafuni yeye pia. Alikumbuka alipojifungua binti mdogo. Alilia kutwa kucha, maziwa yakakataa, hakutaka hata kumshika mtoto. Mama yake alikuja, dada zake wakaja, wakamlaza, wakamwogesha, wakasema ni mambo ya uzazi, mwacheni apumzike. Kinyozi alifua nepi mbele ya majirani na hakuona aibu. Hakuna aliyeitisha baraza. Hakuna aliyemuuliza ana mwanamume gani nje. Kwa sababu yeye alilia, na mwanamke akilia watu wanajua pa kumshika. Huyu angelia wapi? Kwa nani? Shemeji angemwambia nani amekufa.

"Nisamehe," akasema, na hakujua anamwambia nani kati ya wale wawili.

Msusi ndiye aliyejua pa kwenda. Hospitali ile ile waliyoijua wote, lakini mlango wa mwisho kwenye korido ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuufungua. Mama mkwe aliposikia alishika kichwa, akasema mwanangu si kichaa. Shemeji alisema mwanaume mzima anapelekwaje hospitali kwa mawazo, mbona yeye ana mawazo kila siku na hajaenda? Sindano akamjibu kwamba hilo linaonekana, na ulimi wake ukawa umerudi kazini. Akampigia pasi mumewe shati, akamfunga vifungo mwenyewe mmoja mmoja, naye Kinyozi akasimama akafungwa.

Walikwenda watatu. Mapokezini karani alimuuliza Kinyozi anaumwa wapi, na Kinyozi, kwa mazoea, akasema mgongo. Sindano akafungua mdomo. Msusi akamgusa mkono. Kinyozi akajikaza, akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba si mgongo.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya kawaida kabisa. Akafungua mlango, akaliita jina lake lile la kuzaliwa ambalo mtaani hakuna aliyelitumia, akawatazama wale wawili waliosimama naye.

"Mmoja anaweza kuingia naye, akitaka," akasema. "Mtu ambaye mbele yake atakuwa huru kusema."

Kinyozi akamtazama mkewe. Alimtazama haraka, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye lazima aandaliwe wa kwanza. Sindano alimfahamu mume wake kwa mengi, hata kama hakumfahamu kwa lile kubwa, na mtazamo huo aliujua. Ilikuwa heshima. Angeingia, angekaa kwenye kiti cha mke, angemshika mkono kama inavyopasa, na Kinyozi angemwambia daktari kwamba anaendelea vizuri, kwamba ni uchovu tu, kwamba mgongo kidogo. Pengine angemtupia daktari na kichekesho.

Hakuna kitu alichokitaka duniani wakati ule kama kuingia kwenye chumba kile.

"Ingia wewe," akamwambia Msusi.

"Dada, wewe ndiye..."

"Ninajua mimi ni nani. Ingia kabla sijabadili mawazo."

Mlango ukafungwa. Sindano akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, macho kwenye mbao za mlango. Kando yake alikaa mama mmoja na mumewe, mwanamume mkubwa aliyeshika tumbo kwa mikono miwili na kutazama sakafu. Ndani ikasikika sauti ya daktari. Kisha sauti ya Kinyozi, chini, inakatikakatika. Kisha akasikia kitu ambacho katika ndoa yao yote hakuwahi kukisikia, na kwanza hakukitambua, akadhani mtu anakohoa. Mumewe alikuwa analia. Alilia kwa sauti mbaya, isiyojua njia, sauti ya mtu asiyewahi kufanya mazoezi, na wa kumwona akilia alikuwa mwanamke mwingine.

Alisimama, akashika kitasa. Kitasa kilikuwa baridi. Akakiachia, akarudi kukaa.

Mama wa kando yake alikuwa amemtazama muda wote huo. "Yule aliyeingia naye ni dada yake?" akauliza.

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno rahisi, na pale koridoni hakuna aliyemjua.

"Hapana," Sindano akasema. "Ni mwenzake wa kazini. Mke ni mimi."

"Ehe! Na wewe mbona uko nje?"

Ndani Kinyozi alikuwa bado analia, na hakuna aliyekuwa anambembeleza, na hakuna aliyekuwa anamwambia anyamaze. Sindano akafuta uso wake kwa kiganja.

"Nikiingia," akasema, "ataacha."